Kutoka Wizara ya Mambo ya Nje hadi kasri: kwa nini mtu mwenye kazi yake anakubali kuolewa na ufalme?

Bahari_Shwari (mwanzisha uzi) #1
Habari zenu wakuu. Niende kwenye mada.

Nimekuwa nikifuatilia maisha ya Masako, Malkia wa Japani, na nimekosa raha kabisa. Huyu mama alimaliza uchumi Harvard mwaka 1985, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Tokyo, na mwaka 1987 akaingia Wizara ya Mambo ya Nje. Wizara ikampeleka Oxford. Aliporudi akawekwa kwenye idara inayoshughulika na Marekani, kipindi ambacho nchi hizo mbili zilikuwa zinavutana vibaya kuhusu biashara. Baba yake, Hisashi Owada, naye alikuwa mwanadiplomasia, kwa hiyo binti alikuwa anaifuata njia anayoijua, na anaiweza.

Naruhito, wakati huo mwanamfalme wa Japani, akamtaka, akakataa. Akafuatwa tena. Mwisho akakubali, wakaoana tarehe 9 Juni 1993. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba anaugua maradhi ya kushindwa kuendana na mazingira yake, na kwa miaka mingi akawa anaonekana hadharani kwa nadra sana.

Msimamo wangu ni huu: mapenzi peke yake hayatoshi kueleza uamuzi kama ule. Kuna msukumo mwingine ambao hatuambiwi. Nani ana maelezo?

KalamuKavu #2
Nimeweka kiti mbele kabisa. Endeleeni.

Shangazi Mwema #3
Bahari mwanangu, umehesabu alivyoviacha, hukuhesabu alichoahidiwa. Naruhito alimwambia atamlinda maisha yake yote kwa nguvu zake zote. Na Mei 2004, mke akiwa mgonjwa, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema wazi kwamba kulikuwa na mambo yaliyokuwa yanakana taaluma ya mkewe na utu wake. Mrithi wa kiti cha ufalme wa Japani kusema hivyo hadharani ni jambo zito sana, watu wa kasri walibaki wameduwaa. Mwanamume wa namna hiyo mtu anaweza kumfuata. Mapenzi yanatosha, ninyi vijana ndio mnayapunja.

Mzee wa Vifungu #4
Shangazi, heshima kwako, lakini hapa tuangalie sheria kwanza.

Sheria ya Nyumba ya Kifalme ya Japani ya mwaka 1947 inasema kiti kinarithiwa na mwanamume kutoka ukoo wa kiumeni. Masako alipoteza ujauzito mwaka 1999, akamzaa Aiko Desemba 2001. Mtoto wa kike. Kuanzia hapo presha haikuwa ya taaluma tena, ilikuwa ya mtoto wa kiume. Mwaka 2005 jopo la wataalamu lililoundwa na serikali ya Waziri Mkuu Koizumi likapendekeza wanawake waruhusiwe kurithi. Septemba 2006 mke wa mdogo wake Naruhito akamzaa Hisahito, mtoto wa kwanza wa kiume kuzaliwa kwenye ukoo ule baada ya miaka 41, na pendekezo likawekwa kabatini.

Kwa hiyo Bahari unauliza swali lisilo lenyewe. Huyu hakuugua kwa sababu aliacha kazi. Aliugua kwa sababu kazi mpya ilikuwa moja tu, na haikuwa kwenye uwezo wake.

Bahari_Shwari #5
Mzee nimekusoma. Lakini mbona yeye mwenyewe, Desemba 2002, aliwaambia waandishi kwamba ilimgharimu juhudi kubwa kuzoea hali ya kutosafiri nje ya nchi? Mtu aliyekulia ng'ambo, kazi yake yote ni mambo ya nje, halafu anakaa ndani miaka. Hilo ni la kazi, si la mtoto.

Mzee wa Vifungu #6
Na kwa nini hakusafirishwa? Rudi #4.

Nyota_ya_Jioni #7
Mnaacha mfano mkubwa kuliko wote. Grace Kelly. Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike kaipata 1955, mwaka uleule akakutana na Rainier, mtawala wa Monaco, alipokwenda kwenye tamasha la Cannes, Aprili 1956 kaolewa. Ana miaka 26! Alikuwa na mkataba na kampuni ya filamu ya MGM, wakamwachia kwa sharti la kuipiga filamu harusi, na gauni wakalishona wao. Yaani hata harusi yake ilikuwa kazi ya mwisho kwa mwajiri. Filamu zake zikazuiwa kuonyeshwa Monaco, na hakugusa tena mambo ya sinema mpaka ajali ya gari ya 1982.

Maelezo yangu: alikuwa kileleni. Mtu aliye kileleni anaona kushuka kunakuja, hasa mwanamke kwenye fani ile, na anachagua kuondoka mwenyewe. Tusiwaonee huruma sana.

Msahihishaji #8
@Nyota, "hakugusa tena" si kweli. Mwaka 1962 mwongozaji Hitchcock alimwita kwenye filamu mpya, kasri likatangaza kwamba anakubali, watu wa Monaco wakakasirika, akajitoa baada ya miezi michache. Mwaka 1976 akaingia bodi ya wakurugenzi ya kampuni ya filamu ya Twentieth Century-Fox, na mwaka huohuo akaanza kusoma mashairi jukwaani, Edinburgh. Kwa hiyo ile hoja ya kuondoka kwa hiari kabla ya kushuka inayumba. Mtu aliyeondoka kwa hiari hababaiki na simu ya Hitchcock miaka sita baadaye.

Nyota_ya_Jioni #9
Kubabaika si kujuta, Msahihishaji. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na mwaka ule Monaco ilikuwa kwenye mgogoro mkali wa kodi na Ufaransa ya de Gaulle. Alijipima akaona si wakati wake. Na baba yake alishatoa mahari, ilitajwa dola milioni 2.

KalamuKavu #10
Ngoja kwanza. Baba wa BINTI ndiye alitoa mahari?

Nyota_ya_Jioni #11
Ndiyo. Desturi ya zamani ya koo za kitawala za Ulaya. Mzee John Kelly, tajiri wa kazi za matofali Philadelphia, bingwa wa Olimpiki wa kupiga makasia, inasemekana hakufurahia hata kidogo.

KalamuKavu #12
Msichana anaacha kazi, anaacha nchi, halafu na baba yake anatoa pesa. Huyo Rainier alileta nini mezani?

Nyota_ya_Jioni #13
Kalamu, tusigeuze huu kuwa uzi wa mahari. Tunakujua.

Mama Wawili #14
Niseme langu, maana wengi mnaongea kwa vitabu.

Mimi nilikuwa mhasibu. Nikaolewa kwenye familia ya kichifu, si ufalme wa kutangazwa kwenye televisheni, lakini ni familia ambayo watu wakiingia sebuleni wanavua viatu na kupiga goti. Hakuna aliyeniambia niache kazi. Nasisitiza, HAKUNA. Ilianza na msiba mmoja, nikaomba ruhusa kazini. Kisha ugeni. Kisha kikao cha ukoo, mke wa nyumba ile lazima awepo wageni wakipokelewa. Kazini walinivumilia, baadaye ruhusa zikaanza kuandikwa kwenye faili. Siku nilipopeleka barua ya kuacha, nilijiona naamua mwenyewe.

Kwa hiyo Bahari, unapouliza "kwa nini wanakubali," unadhani kuna siku moja mtu anaketi na kuulizwa ndiyo au hapana. Kwangu siku hiyo haikuwepo. Hadi leo nalipia ada ya bodi ya wahasibu kila mwaka ili jina langu lisifutwe, na sijasaini hesabu za mtu tangu niondoke. Mume wangu ni mtu mwema, na simlaumu. Ila namba yangu ya usajili naijua kwa kichwa.

Shangazi Mwema #15
Mama Wawili, pole na hongera kwa pamoja. Endelea kulipa hiyo ada mwanangu.

Itifaki #16
Mama Wawili kagusa penyewe. Nimefanya kazi ya itifaki kwa muda mrefu, nieleze mambo yanavyokwenda upande wa ndani.

Siku ya mwenza wa mtawala inaandikwa na watu wengine. Atashuka gari mlango upi, atasalimiana na nani kwanza, atatembea hatua ngapi nyuma, atakaa dakika ngapi, atavaa rangi gani isigongane na ya mwenyeji. Hotuba inakuja imeshaandikwa, na akiiandika mwenyewe inarudi kupitiwa. Anachonyimwa kabisa ni kauli. Akisema "barabara hii ni mbaya," kesho gazeti linaandika kwamba kasri linailaumu serikali. Ufalme wa kikatiba unaishi kwa kutokuwa na upande.

Sasa chukua mtu ambaye taaluma yake ni kauli. Letizia wa Hispania alikuwa mwandishi wa televisheni ya taifa, aliripoti kutoka New York baada ya Septemba 11 na kutoka Iraki 2003. Novemba 2003, siku ya kutambulishwa kama mchumba, alikuwa anawaeleza waandishi namna atakavyojitoa kazini hatua kwa hatua. Mwanamfalme Felipe akadakia. Letizia akamwambia, "Niache nimalize." Magazeti yalilizungumza hilo kwa miaka! Na kule Japani, Masako alisemwa kwamba kwenye mkutano wa uchumba aliongea muda mrefu kidogo kuliko mchumba wake. Muda wa kuongea ulipimwa kwa saa, wakuu.

Mnashikilia kazi na mshahara. Mshahara ni kitu kidogo sana pale.

Bahari_Shwari #17
Itifaki, hii #16 nimeihifadhi. Asante. Lakini inanizidishia swali. Letizia alijua yote haya, alikuwa upande wa wanaoandika. Bado alikubali.

Mpita Njia #18
Mbona tunazungumzia wanawake tu? Wanaume wameyapitia haya na wengine yaliwavunja.

Claus, mume wa Malkia Beatrix wa Uholanzi, alikuwa mwanadiplomasia wa Ujerumani. Walipooana 1966 Amsterdam, mabomu ya moshi yakarushwa barabarani kwa sababu Waholanzi walikuwa hawajasahau vita. Baadaye akaugua sonona kwa miaka mingi. Henrik wa Denmark, Mfaransa, alikuwa akifanya kazi ubalozi wa Ufaransa London. Kaoa 1967, kabadili dhehebu, kabadili na jina kutoka Henri. Mwaka 2002, kwenye hafla ya Mwaka Mpya malkia hayupo, mwenyeji akawekwa mtoto wake wa kiume na si yeye. Akafungasha, akaenda kukaa kwenye nyumba yake Ufaransa kwa siku kadhaa, akaliambia gazeti kwamba amesukumwa nyuma. Mwaka 2017 akatangaza hatazikwa kando ya mkewe kwa sababu hakuwahi kupewa hadhi sawa naye. Alifariki Februari 2018, na kweli hakuzikwa Roskilde wanakozikwa wafalme wa Denmark, majivu yake nusu yakatiwa baharini.

Ni suala la nani yuko hatua mbili nyuma, awe mke au mume.

Shangazi Mwema #19
Claus huyohuyo alisoma shule ya bweni Lushoto akiwa mtoto, wazazi wake walikuwa Tanganyika. Wengi hawajui.

KalamuKavu #20
Lushoto hii hii? Kumbe uzi unatuhusu!

Mwanasheria Mtarajiwa #21
@Mpita Njia nakubaliana kwa sehemu. Tofauti ni kwamba mwanamume akigoma anasikilizwa. Chris O'Neill, mfanyabiashara aliyemwoa Madeleine wa Sweden 2013, alikataa cheo na uraia wa Sweden ili aendelee na biashara zake. Kasri likakubali, maisha yakaendelea. Nitajieni mwanamke aliyepewa nafasi hiyo na mambo yakaenda shwari.

Msahihishaji #22
Sophie wa Uingereza alipewa. Alikuwa na kampuni yake ya uhusiano na umma, kaolewa na Edward, mtoto wa Malkia Elizabeth, 1999 na akaendelea na kazi. Mwaka 2001 mwandishi wa gazeti aliyejifanya shehe tajiri akamrekodi akizungumza kuhusu wanasiasa na familia. Mwaka uliofuata akaachana na kampuni. Nafasi alipewa, yaliyoshindikana ni haya: mteja hawezi kujua ananunua kazi au ananunua ukaribu na malkia.

Na Madeleine si mrithi wa kwanza. Mumewe Victoria, Daniel, aliyekuwa na biashara ya vituo vya mazoezi, hakuwa na uchaguzi huo. Alipomwoa 2010 akawa mwanamfalme na kazi ikaishia hapo. Usilinganishe mume wa binti mdogo na mume wa malkia mtarajiwa.

Mwanasheria Mtarajiwa #23
Hapo umenibana kwa Daniel. Kwa Sophie bado nasema hakulindwa.

Ssenga wa Mtandaoni #24
Jamani Ulaya na Japani tu, na Buganda je? Nnabagereka (yaani malkia) Sylvia Nagginda alikuwa akifanya kazi Marekani kabla ya kuolewa na Kabaka Mutebi wa Pili, Namirembe, Agosti 1999. Ameanzisha taasisi yake, analea Ekisaakaate ambapo watoto wanafundishwa utamaduni na stadi za maisha, anasimama kwenye majukwaa kuzungumzia elimu ya wasichana. Huyo mbona hakufifia? Nadhani tofauti ni kwamba Kabaka hana serikali ya kubishana nayo kila siku, kwa hiyo mke wake ana upana wa kusema.

Itifaki #25
Ssenga, hoja nzuri, ila hapo kuna kizuizi kikubwa kuliko unavyofikiri. Ufalme ule ulifutwa 1967 na kurudishwa 1993. Kusema kwake kunaangaliwa sana pia. Amechagua watoto na utamaduni kwa sababu ndipo pasipo na moto.

Ssenga wa Mtandaoni #26
Kuchagua pasipo na moto ni kuchagua. Na usisahau, kule watoto wa Kabaka wanafuata ukoo wa mama. Mama ana uzito wake.

Tumaini_J #27
Hakuna aliyemtaja Meghan hadi #26? Miaka saba kwenye tamthilia, blogu yake kaifunga Aprili 2017, kaolewa na Harry wa Uingereza Mei 2018, Januari 2020 wametangaza wanajitoa. Kwenye mahojiano na Oprah 2021 alisema alipoingia alikabidhi pasi ya kusafiria, leseni ya udereva na funguo. Alijua anakwenda wapi, akaja kulalamika. Sina huruma.

Mama Wawili #28
Tumaini, soma ulichoandika. Mtu mzima anakabidhi funguo zake, wewe unasema huna huruma? Kujua kwa kusikia si kujua kwa kuishi. Mimi nilikuwa nawafahamu wakwe zangu tangu utotoni.

Tumaini_J #29
Mama, nakuheshimu, ila Máxima wa Uholanzi naye aliacha kazi ya benki, baba yake hata kwenye harusi ya 2002 hakuhudhuria kwa sababu alikuwa waziri kwenye utawala wa kijeshi wa Argentina. Hakulalamika. Kuanzia 2009 hadi 2024 alifanya kazi ya Umoja wa Mataifa kuhusu huduma za fedha kwa wasiofikiwa na benki. Fani yake ileile. Inategemea mtu.

Mzee wa Vifungu #30
Inategemea fani, Tumaini. Fedha za wanyonge haziudhi chama chochote. Uandishi wa habari unaudhi vyote.

Shangazi Mwema #31
Nami niwarudishe nyumbani kidogo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alifanya kinyume. Aliacha ufalme kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Alitoroka 1866 kwa meli ya Waingereza akiwa mjamzito, 1867 akabatizwa Aden na kuolewa hapohapo. Miaka mitatu baadaye mume akagongwa na tramu Hamburg akafa. Akabaki na watoto watatu kwenye nchi ya baridi, urithi akaudai mpaka akachoka. Akajifunza kujitafutia, akafundisha lugha, akaandika maisha yake kwa Kijerumani.

Bahari, uliuliza msukumo usiosemwa. Salme hakuwa na wa kumlazimisha, kila kitu kilimvuta abaki. Alikwenda. Mimi bado nasema ni mapenzi.

Bahari_Shwari #32
Shangazi, Salme alikuwa mjamzito na ndugu zake wangemfanya nini angebaki? Msukumo ulikuwepo, na ulikuwa wa hofu.

Shangazi Mwema #33
Na mimba ilitoka wapi mwanangu?

KalamuKavu #34
Bahari kimya.

Msahihishaji #35
Nyongeza kwa #1: Masako aliondoka Oxford 1990 bila kukamilisha shahada. Juni 2024, kwenye ziara ya kitaifa Uingereza, Oxford walimtunuku udaktari wa heshima wa sheria. Picha zipo, kavaa joho jekundu, anacheka kweli kweli. Kuanzia Mei 2019 alipokuwa malkia ameonekana kuimarika, na kwenye dhifa anazungumza na wageni bila mkalimani.

Bahari_Shwari #36
Nimeziona hizo picha, na ndizo zilinifanya nifungue uzi. Shahada ya heshima baada ya miaka 34. Sijui nifurahi au nilie.

Mama Wawili #37
Furahi. Amelivaa joho mwenyewe.

Mzee wa Vifungu #38
Kuna jambo moja hamjaligusa. Binti yao Aiko ameajiriwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Japani tangu Aprili 2024. Anakwenda ofisini. Na kwa sheria ileile ya 1947, akiolewa na raia wa kawaida anatoka kwenye ukoo wa kifalme, kama alivyotoka binamu yake Mako Oktoba 2021, ambaye hata yale malipo ya kuagwa ya karibu yeni milioni 150 aliyakataa, akahamia New York na mumewe. Bungeni wanajadili kubadilisha kifungu hicho ili mabinti wabaki hata wakiolewa, kwa sababu wafanya shughuli za kifalme wanapungua. Maana yake ni kwamba mume wa Aiko, akipatikana, huenda naye akaulizwa kuhusu kazi yake.

Mpita Njia #39
Wakibaki wao, waume zao watakuwa nani kisheria? Na watoto?

Mzee wa Vifungu #40
Hapo ndipo wabunge wenyewe wamekwama. Upande mmoja unataka mume na watoto wabaki raia wa kawaida, mwingine unataka waingizwe ukooni.

Itifaki #41
Mzee, nyumba moja, mke ana itifaki na mume anapiga kura? Hilo linataka uzi wake. Fungua, tunakuja.